Pimbi na Chumvi ya Juani

Paukwa!

Pakawa!

Hao walioitika ni wa mbele tu. Na nyinyi mlioegemea ukuta, baba zao na mama zao, mnaojifanya hadithi ni ya watoto? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa bonde, na ndani ya bonde chemchemi, na maji yake ukiyaonja unakunja uso. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifanya kazi na kuuziana vitu kama sisi, bonde hilo liliitwa Munyu. Maji yake yalikuwa ya chumvi. Si chumvi ya bahari. Ni chumvi ya ardhini, inayotoka kati ya mawe, bubu-bubu-bubu, mchana na usiku.

Mwenye chemchemi alikuwa Mzee Ngiri. Yeye na marehemu mkewe ndio walioyaona maji yale kwanza. Mke akafinyanga vyungu. Mke akawasha moto. Wakachemsha maji mpaka yakakauka, na chini ya chungu ikabaki chumvi. Ilikuwa chumvi ya kijivu, yenye harufu ya moshi. Nyati wakaipenda. Swala wakaipenda. Basi kikawa kiwanda. Kiwanda kidogo tu, ambacho wafanyakazi wake wote unawajua kwa kukohoa kwao.

Mke wa Ngiri alipofariki, Ngiri alisema neno moja: "Moto huu usizimike." Na kweli, haukuzimika.

Kazi ilikwendaje? Hivi. Pongo na wenzake walikwenda msituni kuleta kuni. Wengine walichota maji kwa vibuyu. Pimbi alisimama mekoni akikoroga. Koro-koro, koro-koro. Moshi machoni, joto kifuani, koro-koro. Na juu yao wote alikuwa Nungunungu, mnyapara, aliyeanza kazi na Ngiri tangu siku ya kwanza. Nungunungu akikasirika, miiba yake ilicheza, cha-cha-cha, na kila mtu aliinama akafanya kazi.

Sasa mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, hana mkia wa kujivunia. Anapenda jambo moja kuliko yote: kulala juu ya mwamba na kuota jua. Wakati wa mapumziko wenzake walitafuta kivuli. Pimbi alipanda mwambani, akajilaza tumbo chini, pwata, akafumba macho.

Siku moja mchotaji maji aliteleza pale mwambani. Kibuyu kikapasuka, pwaa! Maji yakatandaa kwenye kibonde cha jiwe. Wakacheka, wakaondoka. Siku ya pili Pimbi alipopanda kuota jua, aliona kitu cheupe mahali pale. Akakigusa. Akakilamba.

Chumvi! Chumvi nyeupe, haina moshi, haina majivu. Hakuna aliyekata kuni. Hakuna aliyekoroga.

Pimbi aliketi pale. Akatazama jua. Akatazama mwamba, namna ulivyo mpana. Akatazama mekoni, moshi ulivyotanda. Akawaza: kumbe!

Tangu siku hiyo Pimbi hakuwa na raha. Akikoroga, anauona mwamba. Akila, anauona mwamba. Ikawa anaimba polepole mbele ya chungu:

*Jua langu, jua la mwambani,*
*ningoje, ningoje.*
*Mikono yangu iko kwa chungu,*
*ningoje, ningoje.*

Rafiki yake Pongo akamsikia. Akauliza, "Shoga, unaimba nini?"

Pimbi akamweleza. Pongo akatua mzigo wa kuni, mgongo ukiuma. Msitu ulikuwa umerudi nyuma sana. Zamani kuni zilikuwa pale pale nyuma ya mawe. Sasa walikwenda mpaka kwenye vichaka vya Chui.

"Shoga," akasema Pongo, "kama hilo ni kweli, kawaambie leo leo."

Pimbi akaenda kwa Nungunungu.

"Bwana mnyapara, nina neno."

"Chungu chako kinachemka?"

"Kinachemka. Lakini nimeona kwamba jua..."

"Basi kakoroge. Maneno baadaye."

Pimbi akakoroga. Baadaye haikufika.

Akajipa moyo. Akaenda kwa Mzee Ngiri mwenyewe, akamkuta anafunga chumvi kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unishikie kamba hapa."

Pimbi akashika kamba huku akisema. Alisema yote: kibuyu, mwamba, jua, chumvi nyeupe. Ngiri akamsikiliza. Ngiri hakuwa mtu mbaya, msije mkafikiri hivyo. Akaitika kwa kichwa, akatabasamu.

"Ni wazo zuri, Pimbi. Zuri kabisa. Tukimaliza mzigo wa Nyati tutaliangalia."

Pimbi alirudi mekoni akirukaruka. Mzigo wa Nyati ukaisha. Ukaja wa Swala. Wa Swala ukaisha. Ukaja wa Twiga. Kila mzigo ulipoisha Pimbi alimtazama Ngiri usoni. Ngiri alikuwa tayari anahesabu magunia ya mzigo mwingine. Kiangazi kikaondoka hivyo. Vuli ikapita. Kiangazi kikarudi, na mwamba ukawa unawaka kwa jua tupu.

Pimbi akaenda tena. "Mzee, ule mwamba..."

"Mwamba upi?"

"Nilikueleza. Ule wa jua."

"Ahaa. Ndiyo, ndiyo. Tukimaliza mzigo huu."

Basi Pimbi akaona, ngoja nijaribu mwenyewe wakati wa mapumziko, nipate kitu cha kuonyesha. Akaazima kibuyu. Akachota maji, akayamwaga kwenye kibonde cha mwamba. Akakoroga chungu mchana kutwa akisubiri. Alikuwa na hamu kama mtoto anayemsubiri mama yake kutoka safari.

Lakini jioni ile ulivuma upepo. Vuuu! Majivu ya mekoni yakaruka. Vumbi likaruka. Pimbi alipofika mwambani alikuta tope jeusi, na mchwa wanatembea juu yake.

Nungunungu alimfuata nyuma. Cha-cha-cha. Akaangalia. Akaita kwa sauti, "Njooni! Njooni muone chumvi ya Pimbi! Nani anataka kuonja?"

Wakacheka. Ha-ha-ha! Hata waliomwonea huruma walicheka, maana mnyapara alikuwa anawatazama. Pongo peke yake hakucheka.

Ngiri akaja. Hakumgombeza. Aliongea taratibu, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

"Pimbi, mwanangu. Maji haya yangejaza chungu. Kiwanda chetu ni kidogo. Tukikosa chumvi ya soko moja, Nyati watanunua kwingine, na hawa wote hawatakula. Vyungu vile vimetulisha. Mama yenu alivifinyanga kwa mikono yake. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mzee."

"Usijaribu tena bila ruhusa."

"Sawa, Mzee. Naomba ruhusa."

Ngiri akamtazama, akageuka, akaenda zake.

Je, watoto, mnadhani Pimbi aliacha kutamani? Hakuacha. Alijua upepo ulitoka wapi. Alijua angeukinga kwa kitu gani. Kila akifumba macho aliona namna ya kufanya. Alichokosa ni mchana mmoja, na mtu wa kumwambia, jaribu tena. Akawa anaimba kwa ndani tu, midomo haichezi.

*Jua langu, jua la mwambani,*
*ningoje, ningoje.*

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja Pongo alikwenda kuni na hakurudi wakati wa kurudi. Wakangoja. Jua likapanda. Mara wakasikia kwata... kwata... kwata... Pongo anakuja anajikokota. Mguu wa nyuma umechanwa, damu inachuruzika. Chui alimvamia kule vichakani. Pongo alimponyoka kwa bahati, na mzigo wa kuni akautupa kule kule.

Pimbi akaacha chungu. Akamkimbilia. Akamfunga mguu kwa majani.

"Pole, shoga. Pole, dada yangu."

"Kuni nimeziacha," akasema Pongo. "Mwambie Mzee nimeziacha."

Pimbi akasimama. Akamwendea Ngiri mbele ya watu wote, machozi yanamtoka.

"Mzee! Nimekuomba mwamba. Nikupe nini unipe mwamba? Tuache hizi kuni. Tafadhali. Mchana mmoja tu!"

Ngiri naye alikuwa analia. Nimewaambia, hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Pongo. Lakini mtu mwenye hofu hushika kile anachokijua. Akafuta machozi, akasema, "Kesho watakaokwenda kuni waende wawili wawili. Watakaobaki wakoroge vyungu viwili viwili."

Basi. Hilo ndilo jibu alilopata Pimbi. Chungu cha pili.

Tangu siku hiyo Pimbi alinyamaza. Hakuimba kwa sauti, hakuimba kwa ndani. Akikorogeshwa, anakoroga. Akiambiwa ngoja, anangoja. Wakati wa mapumziko akakaa kivulini na wenzake. Nungunungu akafurahi sana.

"Sasa umekomaa," akamwambia. "Sasa umekuwa mfanyakazi."

Pimbi akaitika, "Ndiyo, bwana mnyapara."

Mvua zilipokaribia, Pimbi akaaga. Alimwambia Mzee Ngiri kwamba anakwenda ng'ambo ya mlima kutafuta maisha. Ngiri akampa tonge la chumvi la njiani, akamwombea heri. Hakumuuliza kwa nini. Pongo alimsindikiza kwa kuchechemea mpaka mguu ukakataa. Wakakumbatiana.

Ng'ambo ya mlima palikuwa na Bi Muhanga. Naye alikuwa na chemchemi, ndogo kuliko ya Ngiri, na wafanyakazi wachache kuliko wa Ngiri. Hakuwa na msitu. Chumvi yake haikutosha hata majirani.

"Unajua kazi gani?" akamuuliza Pimbi.

"Najua kukoroga."

"Kukoroga tu?"

Pimbi akasita. Neno lilikuwa kooni. Lilikaa huko siku nyingi mno mpaka likaota kutu. Bi Muhanga akamngoja. Akachimbachimba ardhi kidogo kwa kucha, akamtazama, akangoja tena.

"Nilikuwa na... kuna jambo nililiona zamani," akasema Pimbi. "Labda ni upuuzi."

"Niambie huo upuuzi."

Pimbi akasema. Alipomaliza, Bi Muhanga akasimama, akajikung'uta mchanga. "Mimi sina kuni. Mwamba ninao, na mchana wa hapa ni mrefu. Unataka kuanza wapi?"

Pimbi akaomba kibuyu.

Wakaanza. Mara ya kwanza, mchwa. Bi Muhanga akasema, "Mchwa niachie mimi," akawala wote, lamba-lamba-lamba. Kesho wakajaribu tena. Vumbi likaingia. Wakasuka kingo za nyasi kuzuia upepo. Wakajaribu tena. Maji yalikuwa mengi mno, hayakukauka. Wakapunguza. Mvua ikanyesha, ikafagia kila kitu. Wakakaa chini wakacheka mpaka mbavu zikauma, kisha wakangoja kiangazi.

Na kiangazi kilipokuja, mwamba mzima ulimeta. Nyeupe! Nyeupe pe-pe-pe! Mpaka macho yanauma kuitazama.

Bi Muhanga akacheza. Wafanyakazi wakacheza. Pimbi akacheza nao, halafu akajitenga kidogo. Akapanda juu ya jiwe, akatazama upande wa pili wa mlima. Kule mbali moshi wa Munyu ulikuwa unapanda. Akasema moyoni, Pongo angeiona hii. Mzee angeiona hii. Alikuwa amepata kila alichokitaka, ila alikitaka kule.

Kila jioni akawa anautazama ule moshi. Na kila msimu ukawa mwembamba zaidi.

Maana huko sokoni Nyati walionja chumvi nyeupe, wakaiacha ya kijivu. Swala wakaiacha. Kuni za Munyu zikawa mbali, na wachache wakakubali kuzifuata. Vyungu vikazimwa, hiki leo, kile kesho. Mwisho Mzee Ngiri akafunga safari. Akasema, nitakwenda mwenyewe nimwone huyo fundi wa chumvi nyeupe, nimwombe anifundishe.

Akavuka mlima, hee-hee, hee-hee, pumzi zimemwishia. Akafika kwenye mwamba. Akamwona mnyama mdogo, mnene kidogo, ameinama anakusanya chumvi.

"Hodi hapa. Samahani, ninamtafuta fundi."

Pimbi akageuka. "Shikamoo, Mzee."

Ngiri akakaa chini.

"Pimbi? Ni wewe? Haya yote ni wewe?"

"Ni sisi wa hapa. Karibu, Mzee, upumzike."

Ngiri akashika chembe za chumvi, akaziacha zianguke. "Mwanangu. Ulikuwa na jambo kama hili, mbona hukuniambia?"

Pimbi akamtazama. Akaona kwamba Mzee hadanganyi. Amesahau kweli.

"Nilikuambia, Mzee. Nilikuambia ukifunga mzigo wa Nyati, nimekushikia kamba. Nilikuambia kiangazi kilipokuja tena. Nilikuambia siku Pongo alipochanwa."

Upepo ukavuma, vuu, vuu.

Ngiri akainamisha kichwa. Yale aliyoyasahau yakaanza kumrudia, moja moja. Kamba. Tope jeusi. Damu ya Pongo.

Akasema, "Mama yenu, huu moto aliuwasha yeye. Kila ulipotaja jua, mimi nilisikia unasema tuuzime."

"Sikulijua hilo, Mzee."

"Sikumwambia mtu." Akafuta uso. "Rudi nyumbani, Pimbi."

Pimbi alilitamani neno hilo miaka. Alikuwa akilala huku akiliota. Sasa limekuja, na yeye anatazama mikono yake, anatazama kingo za nyasi walizosuka na wenzake, anamtazama Bi Muhanga aliyekaa mbali kidogo, anajifanya hasikii.

"Nitakuja niwaonyeshe kazi," akasema. "Yote ninayoyajua nitawaonyesha. Lakini kurudi, Mzee, siwezi tena. Watu wangu wako hapa."

Ngiri akaitika kwa kichwa.

Bi Muhanga akakubali, maana wanyama wenye kutaka chumvi walikuwa wengi kuliko miamba. Pimbi akaenda Munyu. Yeye na Pongo walipoonana, walilia na kucheka pamoja, hata Nungunungu akageukia pembeni. Akawaonyesha mwamba. Akawaonyesha kingo. Chumvi nyeupe ikapatikana. Ngiri akaacha chungu kimoja jikoni, kinachemka polepole kwa vijiti vya kuokota. Hakuna aliyemuuliza cha nini. Kisha Pimbi akaaga, akavuka mlima.

Baada ya hapo Ngiri akawakusanya wafanyakazi. Akawaambia, "Kuanzia leo, mwenye neno aseme. Nani ana neno?"

Kimya.

"Jamani, semeni. Sitakasirika."

Kimya. Walitazama chini. Walimtazama Nungunungu. Walikumbuka siku ya tope na kicheko chao wenyewe.

Kesho yake Ngiri akauliza tena. Kimya. Kesho kutwa, kimya. Akaelewa kwamba Pimbi alikuwa mmoja tu aliyesema. Waliokuwa na neno na hawakulisema, hatawajua kamwe ni wangapi. Lakini hakuacha kuuliza. Kila mchana, wakati wa mapumziko, alikaa kati yao, akauliza, akangoja.

Mpaka mchana mmoja Pongo akakohoa.

"Mzee."

"Naam."

"Sijui kama ni kitu. Haya maji tunayabeba kwa vibuyu mpaka mwambani. Mimi na mguu huu nachoka. Naona kama yangeweza kujiendea yenyewe. Tukichimba mfereji mdogo, hapa, na hapa."

Ngiri alikuwa na gunia mkononi. Mdomo wake ulikwisha kufunguka: *Tukimaliza mzigo*... Lilikuwa pale, juu ya ulimi, limezoea njia. Akalimeza. Gh! Akaweka gunia chini.

"Twende unionyeshe."

Wakachimba. Pongo akachota maji, akayamwaga mferejini. Maji yakakimbia, shaaa, yakafika katikati, yakazama mchangani. Yakaisha.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Ngiri akamtazama, yule akanyamaza. Halafu Ngiri akapiga magoti mferejini, mzee mzima, akapapasa mchanga.

"Pametitia hapa, mchanga unayanywa maji," akasema. "Tupigilie udongo wa mfinyanzi, au unaonaje, Pongo?"

Pongo alikuwa amegeuka, anatazama mlimani. Alitamani shoga yake awepo, amwone Mzee kwenye tope lile. Lakini Pimbi alikuwa ng'ambo, amelala juu ya mwamba wake, tumbo chini, hana habari.

"Tupigilie udongo," akasema Pongo.

Hadithi yangu inakaa hapo, wala haitembei tena. Na funzo lake ni hili, nanyi mlioegemea ukuta lichukueni: ukiwa na watu wanaofanya kazi nawe, wasikilize wakati bado wana hamu ya kusema, na wape nafasi ya kujaribu na kukosea. Ukichelewa, wengine wataondoka, na watakaobaki watakuwa wamejifunza kunyamaza.

Chumvi iliyobaki onjeni nyinyi. Mimi nimemaliza.